Sweta la Bibi Borghild na Picha ya Darasa

Jumatatu, 23 Oktoba

Kikao cha wazazi wa darasa la kwanza. Tumekalia viti vya watoto, magoti yangu usawa wa masikio. Mwalimu Ingunn kasema wiki hii yote tuwaache watoto wajichagulie nguo za shule, tusiwapangie, wajifunze kujitegemea. Akauliza nani yuko tayari. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu Steinar alikuwa anaanza kuinua wake. Steinar ni baba yake Jonas, mtu wa baiskeli ya bei mbaya na mtoto asiyechafuka. Nikasimama kabisa, nikatangaza kwamba binti yangu Tuva anajichagulia nguo tangu ana miaka miwili. Uongo mtupu. Mwalimu alifurahi sana.

Kufika nyumbani, simu. Mama mkwe, Borghild. Sweta la Tuva limekwisha, atalituma kwa basi la asubuhi. Ijumaa ni picha ya darasa. Sebuleni kwake, ukutani, wako watoto wake watatu, kila mmoja na picha yake ya darasa la kwanza, kila mmoja ndani ya sweta alilofumiwa na mama yake. Msumari wa Tuva ameshaupigilia. Sweta hili amelifuma majira yote ya joto kwa vidole vilivyovimba, na ndiyo kazi ya kwanza aliyoishika tangu mzee afariki. Akaniuliza: "Atalivaa, Oddvar?" Nikasema atalivaa, mama, hilo nalo la kuuliza?

Ahadi mbili, jioni moja, na haziwezi kulala nyumba moja. Mke wangu Gunnhild yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, harudi mpaka wiki ijayo. Afadhali. Atakuta nimeshamaliza kila kitu.

Jumanne, 24 Oktoba

Sweta limefika. Zuri mno. La buluu, nyota nyeupe kifuani, vifungo vya fedha begani. Mimi mwenyewe ningelivaa kama lingepita kichwani. Tuva akaliingiza shingoni, akalitoa, akasema linawasha. Nikamwambia hiyo ni sufu, sufu ndivyo ilivyo, sisi sote tumekua ndani yake.

Hila ya kwanza. Nilisoma mahali kwamba mtoto umpe vitu viwili achague, vyote uvitakavyo wewe, naye atajiona yuko huru. Nikatandika kitandani sweta la bibi na sweta la binamu yake, la kahawia, lenye harufu ya mbwa. Nikasema: "Chagua mwenyewe, mama, uhuru ni wako." Akatazama hili, akatazama lile, akaenda kabatini akavaa nguo ya kuogelea juu ya suruali ya sufu. Kachagua mwenyewe. Ningesema nini, na mkono niliunyoosha mbele ya watu?

Getini alikuwepo Steinar. Jonas kavaa shati lenye kola, limepigwa pasi. Steinar akamtazama Tuva juu mpaka chini, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakujua bwawa la shule limeshafunguliwa. Mvua ilikuwa inanyesha ya kulowesha mifupa. Nikacheka kama mtu asiyeumia.

Jumatano, 25 Oktoba

Hila ya pili, na hii ilikuwa safi. Nimefua nguo zote za Tuva kwa mpigo, alfajiri. Kabatini likabaki sweta la buluu peke yake, linaning'inia kama mgeni rasmi. Nikakaa jikoni nakata jibini ya kahawia ya mkate wa shule, nasubiri.

Akashuka ngazi kavaa fulana ya mama yake ya kuvalia baharini, imefika magotini, kiunoni kaifunga kamba ya kurukia. Nikamuuliza kabatini hakukuwa na kitu? Akasema kulikuwa na lile linalowasha.

Mwalimu Ingunn kampongeza mbele ya darasa kwa ubunifu. Kaniambia mimi pia kwamba inaonekana nyumbani kwetu hatumwingilii mtoto. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Steinar alikuwepo, alisikia. Siku haikwenda bure.

Nyumbani nguo mbichi kila mahali, mpaka kwenye taa.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimekaa kitako nikafikiri. Huyu ni mtoto wa Gunnhild, ukimwambia njoo anakwenda. Basi dawa yake ni kumkataza. Baada ya chakula nikalitoa sweta mbele yake, nikalikunja polepole, nikaliweka juu ya kabati. Nikamwambia kwa sauti nzito: "Hili usiliguse kabisa. Hili ni la watu wazima kulitazama tu." Nikatoka nikijikausha, nikasimama nyuma ya mlango kumsubiri apande kiti.

Hakupanda. Tuva, ambaye tangu azaliwe hajawahi kunitii, hata kuhusu kutolamba reli ya chuma wakati wa baridi, leo kanitii.

Baadaye bibi akapiga simu kumtakia heri ya picha. Nilikuwa napika viazi, sikuwahi kuifikia simu. Nikamsikia Tuva akimweleza vizuri kabisa, neno kwa neno, kwamba baba kamkataza kulivaa sweta la bibi. Kaliweka juu. Hata kuligusa hapana.

Nikainyakua simu. Nikasema mama, ni hadithi ndefu. Akasema yeye hana shida, kama halikumfaa mtoto basi, siku hizi madukani kuna nguo nzuri. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekunja kitambaa. Akasema Jumamosi atakuja kulichukua.

Viazi vimeungua. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 27 Oktoba

Siku ya picha. Asubuhi nilijishusha, nikamwomba Tuva waziwazi, sweta mkononi: "Mwanangu, dakika moja tu, wapige, ulivue." Akafikiri. Ni mtoto mwenye huruma, niliona anajaribu. Kisha akajikuna shingo kabla hata hajalivaa, akatikisa kichwa. Akavaa nguo ya kuogelea, suruali, na juu yake reflekta ya njano waliyopewa na shule, ile fulana ya kung'aa wanayoivaa darasa la kwanza wote njiani ili madereva wawaone gizani.

Mimi nikamfuata kwa mbali na sweta ndani ya koti. Nilipanga kumnasa kabla ya mpiga picha. Nikajibanza nyuma ya kibanda cha baiskeli. Steinar akaja kufunga baiskeli yake, akanikuta nimechuchumaa, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema nakagua msingi.

Kufikia hapo watoto wameshapangwa uwanjani, chini ya paa la mvua, na giza bado halijaondoka vizuri. Reflekta zote zimevuliwa isipokuwa moja. Mpiga picha akamwambia Tuva avue. Tuva akamjibu kwamba mwalimu kasema reflekta haivuliwi mpaka mtu aingie ndani, na hapa ni nje. Watu wote wakamgeukia Mwalimu Ingunn, ambaye tangu Agosti amekuwa akiwaimbia watoto sheria hiyo. Akamwashiria mpiga picha apige tu.

Wakapiga. Taa ya kamera ikagonga reflekta, na binti yangu akawaka kama mnara wa kuongozea meli. Nimeiona picha kwenye kioo cha kamera. Tuva anacheka mpaka pengo la jino lililong'oka linaonekana. Kulia kwake watoto wote wamekuwa vivuli. Kushoto kwake yupo Jonas, au tuseme ipo kola yake.

Steinar hajaniaga. Ningefurahi, kama kesho isingekuwa Jumamosi.

Jumamosi, 28 Oktoba

Borghild kaja kwa basi la mapema. Hakuvua koti. Kakaa ukingoni mwa kiti, kaomba sweta lake. Nikaleta sweta, kahawa na maelezo. Maelezo hakuyataka. Akamgeukia Tuva, akamuuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za shule: "Kwa nini hukulitaka, kipenzi?"

"Linawasha, bibi."

"Wapi?"

"Hapa tu." Akagusa shingo. Kwingine kote, akasema, ni zuri, hasa nyota.

Borghild akalichukua sweta, akaisugua shingo yake mwenyewe kwa ukosi wa sweta. Akasugua tena. Kisha akavua koti. Akasema ule uzi wa ukosini ni ule ule wa zamani, wa kondoo wa kwao, aliutumia kwa wote watatu. Na zile picha ukutani, Gunnhild na kaka zake wana shingo nyekundu kila mmoja. Miaka yote alidhani ni baridi. Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa mkono wa sweta.

Akatoa mkasi kwenye mkoba, akaukata ukosi wote, mimi nimeshika moyo. Kafuma mwingine wa pamba laini pale pale, polepole, akipumzisha vidole, Tuva kamshikia uzi. Lilipokwisha Tuva kalivaa, na hajalivua mpaka sasa. Bibi kasema picha ya reflekta ndiyo itakayotundikwa, msumari unaitosha.

Mlangoni akaniuliza: "Oddvar, mtoto alikuambia mara ngapi kwamba linawasha?" Nikasema labda mara moja, mbili. Tuva, kutoka ndani: "Kila siku." Borghild akanipiga begani taratibu, kama mtu anavyompiga farasi mzee, akaondoka.

Jumapili, 29 Oktoba

Gunnhild kapiga simu kutoka baharini. Nimemweleza kwamba mtoto amechagua mwenyewe, sweta limevaliwa, na mama yake ameondoka na furaha. Kwa ufupi, mbinu zangu zote zimefanya kazi, ila kwa kuchelewa kidogo. Akasema nirudie tena, polepole. Labda ni mtandao.

Theluji inakuja, na asubuhi hii Tuva kakataa glavu zake mpya za baridi. Kafungua mdomo anieleze sababu. Nikamwahi, nikamwambia asijisumbue, baba anajua. Nimeshaificha ya kushoto. Mtoto akikosa kitu ndipo anakitamani, na kesho atanibembeleza.

Sasa hivi yuko sebuleni anaongea na bibi yake kwenye simu. Nimesikia kitu kuhusu kidole gumba. Sijui hata kinahusiana na nini.