Mtungi wa Posa Unaojiendesha

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kasulu.

Jamani! Mzee Stanislaus kakubali kupokea posa yangu Jumamosi. Mimi, Niyibizi, fundi redio! Sharti moja tu: mtungi wa pombe ya ndizi umfikie kitini bila kumwagika. Anajua ninavyojikwaa, mzee yule. Ukimwagika, binti yake Esperance simpati, basi. Mwenyewe Esperance kaniomba niubebe polepole, hata kwa magoti. Nimemwambia atulie. Nina mpango.

Jumanne, 10 Juni

Mpango ni kigari. Magurudumu manne, mota mbili, na kibao cha kuziongoza nilichonunua kwa Josué, fundi Mkongomani wa kambini Nyarugusu. Kibao kina kihesabio, kinahesabu magurudumu yanavyozunguka. Naunga waya kwenye kompyuta, natuma amri. Amri moja inasoma kihesabio kimefika ngapi. Nyingine inakiandikia namba niitakayo. Niitakayo!

Leo nimejifanya napeleka redio kwa mzee. Langoni nikaandika sifuri, nikakisukuma kigari kwa mkono mpaka kwenye kiti chake, nikasoma: 2,400. Loo! Kumbe ukwe ni namba tu. Jumamosi naandika 2,400, kinakwenda chenyewe.

Alhamisi, 12 Juni

Josué kapita dukani, kaona daftari langu, kashika kichwa.

“Kaka, ile namba haisukume gari. Inaidanganya tu kama imeshafika. Na weye hujaituma mahali, bado inashika sifuri, basi itarudi nyuma kuitafuta.”

Eti kuna amri nyingine kabisa ya kukituma kigari mahali. Akataka anifundishe bure. Bure! Nani anafundisha bure siku hizi? Anatafuta sifa kwenye posa yangu. Nimemshukuru, nimemfungulia mlango.

Jumamosi, 14 Juni

Siamini.

Wakwe wamekaa, wametulia. Kigari langoni, mtungi juu, umefunikwa kwa majani ya mgomba. Nyuma yake shangazi Reine, msemaji wetu, kitenge kipya, na wazee wetu wawili. Nikaandika 2,400. Nikabonyeza.

Mama yangu! Kikarudi kinyumenyume, mbio! Kikapasua katikati ya ujumbe wetu. Shangazi chali kwenye maharage yaliyoanikwa. Kikavuka barabara, mtungi pwaa, mtaroni. Mbuzi walifika kabla yetu.

Hata watoto hawakucheka. Mzee Stanislaus akainuka taratibu.

“Nimepokea posa nyingi, mwanangu. Hii ndiyo ya kwanza kumkimbia mkwe.”

Akaingia ndani. Nilibaki nimeshika kompyuta. Shangazi hasemi nami.

Jumatatu, 16 Juni

Esperance kaja dukani, macho mekundu. Kamlilia baba yake siku mbili nzima. Mzee kalegea: nafasi moja, ya mwisho, Jumamosi hii. Nikiharibu tena, anapokea posa ya Marselino wa Kibondo, mwenye mashine ya kusaga. Esperance akanishika mikono yote miwili, akasema niubebe kwa hii, hii hapa, asione waya wala gurudumu. Nimeapa. Nimeapa kwa Mungu, na chozi likanitoka.

Alipoondoka nikakaa chini, nikatafakari kwa kina. Na kosa nimeliona! Nashangaa hata Josué, na ujuaji wake wote, hakuliona. Namba ilikuwa ndogo mno.

Jumamosi naandika elfu ishirini na nne.