Ofisi ya Maji Yanayochemka Yenyewe

Wananchi wote wa Goma na vitongoji vyake walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, maji yote yanayochemka yenyewe yatachemka chini ya usimamizi.

Tangazo hilo aliliandika Direkta Habiyaremye kwa mkono wake, akalisoma mara tatu, akaona halina kasoro. Kisha akaizungushia uzio chemchemi ya moto iliyo upande wa Sake. Humo ndimo Mama Kasoki wa Katoyi alikuwa akimloweka mama yake kila juma, kwani bila maji yale magoti ya bibi huyo hayakunjuki. Direkta alisikitika, lakini magoti hayakuwa katika mamlaka yake.

Siku ya uzinduzi protokole ilizingatiwa: aliye mkubwa zaidi akae karibu zaidi na maji. Maji yalikuwa ndani ya shimo la mawe meusi ya volkeno. Basi Direkta akashuka hadi chini kabisa, wasaidizi wakapangwa juu ya mawe, raia wakabaki nje ya uzio.

"Papa Direkta!" Mama Kasoki aliita. "Usikae pale chini! Leo hakuna upepo, iko mazuku!"

"Mazuku ni nini?" aliuliza Direkta, aliyezaliwa Murara, hapo hapo Goma, na kuyajua vizuri.

"Ile hewa mubaya inatoka pamoja na maji. Iko nzito, inajaa mu shimo. Mutu anaivuta, analala, haamuki tena."

"Mama, ripoti yangu iko wazi. Hapa iko maji, iko joto, iko mawe. Mazuku haiko."

Wasaidizi wakapiga makofi. Direkta akaanza hotuba. Alieleza kuwa mapovu yale ni furaha ya maji kwa kupata ofisi. Kuku wa zawadi, aliyefungwa kwenye mguu wa kiti cha Direkta, akalaza kichwa chini. Direkta alipendezwa: hata kuku alikuwa anasikiliza kwa nidhamu.

Kwenye ukurasa wa pili kichwa kikaanza kumgonga, moyo ukaenda mbio, pumzi zikawa fupi. Alielewa mara moja kuwa huo ni uzalendo. Ukurasa wa tatu ukamponyoka. Akainama kuuokota, na hakuinuka.

"Direkta anainamia maji kwa heshima," karani wake Rosine akaandika.

Mama Kasoki hakungoja protokole. Alikanyaga uzio, akavuta pumzi, akafunga mdomo, akashuka, akamkamata Direkta kwa kola ya koti na kumburuta hadi juu kama gunia la makaa. Kuku hakuwahiwa.

Direkta alizinduka akitapika juu ya viatu vyake. Alitaka kusema asante, lakini macho ya wasaidizi yalikuwa yakimtazama, akasema, "Kikao kimeahirishwa."

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka juu: "Kwa kuwa ripoti yako haitaji hewa yoyote ya sumu, eleza ndani ya saa arobaini na nane kwa nini ulilala kazini mbele ya raia." Kulala kazini ni kufukuzwa. Direkta hakupata usingizi tena, hata wa nyumbani.

Alikwenda Katoyi kwa miguu, bila dereva. Mama Kasoki alikuwa akimkanda bibi magoti kwa kitambaa cha moto.

"Mama, ninatafuta shahidi."

"Uzio kwanza, papa."

Siku ya pili Direkta aling'oa nguzo kwa mikono yake, akina mama wakimwonyesha zile alizosahau. Bibi alipokwisha kuingizwa majini, upande wenye upepo, Mama Kasoki akakaa juu ya jiwe.

"Andika: Direkta hakulala."

"Hakulala," Direkta akarudia, akiandika kwa furaha.

"Alikuwa anakufa, sawa na mutu yeyote."

Kalamu ikasimama.

"Mama, hilo neno 'yeyote' tunaweza kuliondoa?"

"Tunaweza. Basi andika alilala."

Direkta akaandika "yeyote", tena kwa herufi kubwa.