Nakala Rudufu za Ng'ombe wa Mama Petronila

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye bado yuko njiani, waheshimiwa madiwani, Baba Mchungaji, wazee wa mila, wadau wa mifugo wa Bunda, Butiama na Musoma, mke wangu Gaudensia anayenitazama kwa jicho kali, mabibi na mabwana: daktari ameniambia nisiahirishe mambo, na mimi, Baltazari, Mwenyekiti wa Kudumu wa Umoja wa Mifugo Salama, nina jambo nimewaficha tangu uzinduzi, ambalo kwa mujibu wa itifaki litakuja mwisho, baada ya mafanikio. (Makofi. Sauti: "Anza na hilo, mzee!")

Itifaki, ndugu yangu.

Mnakumbuka Umoja ulibuni mradi wa kimkakati wa tovuti yenye picha ya kila ng'ombe na chapa yake, pamoja na mfumo jumuishi wa nakala rudufu za nyongeza, yaani bakapu isiyonakili tovuti nzima kila siku, bali yale tu yaliyobadilika tangu jana. Waliokodoa macho niliwafafanulia kitaalamu: ukishaweka ng'ombe kwa rafiki yako kule Nyamuswa, ili wezi wakivamia zizi la nyumbani usibaki mikono mitupu, kesho huhamishi zizi zima, unapeleka ndama aliyezaliwa leo. (Vicheko.) Hata Mzee Machibya, ambaye simu yake ina tochi tu, alisema, "Kumbe kompyuta nayo inafugaga!"

Matokeo, waheshimiwa, ni asilimia mia. Kila Ijumaa niliripoti bakapu imekamilika bila hitilafu, kwa kasi isiyofikiwa na seva za mataifa makubwa, ukubwa wa faili sifuri, kwa kuwa hakuna kilichobadilika. (Makofi marefu.) Ni kwa kujiamini huko niliagiza kila mwanachama afute picha za ng'ombe kwenye simu yake, ili kupunguza msongamano wa data katika mkoa wetu. (Mama Petronila wa Kibara anasimama.)

"Mheshimiwa, mimi nilifuta. Ng'ombe wangu watatu walioibiwa wameonekana mnadani, na aliyekutwa nao anasema ni wake. Wazee wa mnada wamesema nisipoleta picha leo jioni, anaondoka nao. Wewe ulikuwaga unasema ni kubonyeza tu. Bonyeza basi!"

(Ukumbi mzima: "Bonyeza! Bonyeza!")

Ombi lako limepokelewa, mama, na limeingizwa kwenye mchakato shirikishi wa... (Gaudensia, kwa sauti: "Baba Robi! Utaingia kaburini na ng'ombe wa mtu?")

Nasema, mke wangu. Naomba kiti. (Analetewa kiti. Hakai.) Wazee wa mnada, mko hapo mbele, nisikieni: msimdai huyu mama picha. Wale ng'ombe ni wake. Yule mwekundu ana sikio lililochanika na chapa ya duara pajani, nilimpiga picha mwenyewe nyumbani kwake, akanikanyaga mguu, na picha nikaifuta kama nilivyowaagiza ninyi. Nitaapa popote mtakapotaka, ila mniwahi. (Wazee wanaangaliana. Mmoja anavaa kofia yake na kutoka kuelekea mnadani.)

Data salama! (Watu wachache: "Ng'ombe salama!") Bakapu kwanza! (Watu wanageukia mlangoni.)

Kwa namna ya pekee nawashukuru mafundi wetu, ambao hatukuwahi kuwaajiri, kwa kuilinda usiku na mchana tovuti yetu, ambayo haikuwahi kutengenezwa.