Nungunungu Aliyetaga Birere

Mwaka ule volkano ilipomeza nusu ya Goma na waasi wakabaki kuitawala nusu nyingine, Zéphirin, mwalimu wa biolojia aliyefukuzwa shule kwa kuuza alama za mtihani, alimwona ng'ombe nyuma ya duka la Mukagasana, mtaa wa Birere. Kiwele kimejaa! Mji mzima ulipanga foleni kwa kikombe cha uji wa msaada, na muuza chumvi huyu, mkimbizi wa juzi kutoka Masisi, alikuwa na maziwa uani. Zéphirin aliona ni dhambi kubwa mali kama ile kukaa mikononi mwa mtu asiyesoma.

Kesho yake akaja na tenga. Ndani mlikuwa na nungunungu mchanga aliyemnunua kwa mwindaji wa Rutshuru, na chini yake mayai mawili ya bata, aliyoyachukua kwa jirani bila kumsumbua jirani.

"Sikiya vizuri, mama," akaanza, amekunja uso kama padri kwenye maziko. "Banyama ba kunyonyesha biko aina tatu. Ya kwanza ni sisi, na ng'ombe, na mbuzi. Mutoto anakulia ndani ya tumbo, kondo ya nyuma inamulisha mpaka anakomaa. Ya pili iko na mufuko. Mutoto anazaliwa mudogo sawa haragi, anapanda yeye mwenyewe mu mufuko, anamalizia kukomaa mule."

"Yezu we!"

"Ya tatu njo huyu. Anataga mayai, halafu ananyonyesha. Bazungu ba misaada balimuleta toka Australia. Volkano ikabakimbiza, bakamuacha."

Mukagasana akainama juu ya tenga. "Na chuchu iko fasi gani?"

"Haina chuchu, mama. Maziwa inatoka mu ngozi, sawa jasho."

Tumpe haki yake mwalimu: yote aliyosema kuhusu zile aina tatu ni kweli tupu, hata hiyo habari ya jasho. Uongo ulikuwa kwenye tenga tu.

"Maziwa na mayai, munyama mumoja!" Mukagasana akapiga makofi. "Chukua ng'ombe, mwalimu. Lakini uongeze kitu. Ng'ombe ni ng'ombe."

Zéphirin akaongeza mabati sita, yaani paa zima la nyumba yake. Mkewe, Élisabeth, alilia akimkumbusha kwamba ni msimu wa mvua. Akamjibu kwamba mwanamke haelewi sayansi.

Kabla ya kushika kamba alimkagua ng'ombe kisomi: kiwele, meno, tumbo. Masikio hakuyatazama. Mtoto yeyote wa Masisi huanza na masikio, maana kule kila mwenye kundi huwakata ng'ombe wake sikio kwa namna yake. Lakini Zéphirin alizaliwa mjini, na wafugaji wote kwake walikuwa washamba. Akapita barabara kuu kifua mbele, mpaka kwenye kizuizi cha waasi, ambako askari mmoja alilishika sikio la kushoto na kuhesabu mapengo matatu.

"Huyu ni wa komanda. Alipotea siku ya volkano. Ulimuiba wapi?"

"Afande, sikuiba! Ni Mama Mukagasana njo alinipa!"

Wakamrudisha Birere. Mukagasana alikuwa akipakua nyama na ndizi, kando yake mayai mawili ya kukaanga. Miiba ilikwisha kuungua kwenye moto.

"Huyu baba? Simujue," alisema. "Karibuni chakula, afande."

"Nilimupa munyama!" Zéphirin akapayuka.

"Munyama gani wa kubadilisha na ng'ombe?" askari akauliza, mdomo umejaa.

Msomi wetu akafikiri. Akisema nungunungu, ni tapeli, na tapeli hakosi kuwa mwizi. "Ule wa kutaga mayai na kunyonyesha," akasema kwa sauti ndogo. "Iko Australia."

Walicheka mpaka wakaweka sahani chini. Kisha wakamfunga mikono, wakampandisha kwenye gari, naye njia nzima akiapa kwamba mnyama huyo yupo.

Nyumbani mvua ilikuwa imeanza, na Élisabeth alikuwa akiburuta kitanda kutoka kona moja hadi nyingine, akitafuta pakavu.