Tumbo la Hilaria na Foleni ya Mashine

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata wazo! Mke wangu, Mama Huruma, anasema mawazo yangu yote huishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwanamke hana imani.

Wazo lenyewe ni hili. Hilaria amehamia hapa Nkende. Ndiye yule mama mwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu kule Nyangoto. Alikuwa mama wa kujaza mlango, sasa amekauka kama kamba ya mbuzi. Miaka miwili anaharisha, anatapika, anavimba. Watu walisema amerogwa kwa ajili ya shamba. Walichinja kuku wa kila rangi. Mwishoni daktari mmoja wa Mwanza akampima damu, akasema hapa hakuna mchawi, hapa kuna ngano. Tumbo lake linakataa ngano. Chapati, mkate, andazi, tambi, vyote sumu. Hata chembe.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hesabu hii naiweza. Asiyekula ngano atakunywa chai na nini? Viazi! Kila asubuhi viazi! Mama mwenye makarasha manne anakula kama mfungwa.

Jibu ni mahindi. Mikate ya mahindi na ndizi mbivu, imefungwa kwenye jani la mgomba, ya asubuhi. Vijiti vya mahindi vya kukaanga, vya kutafuna kutwa. Nimeandika kibao kwa mkaa: CHAKULA CHA MATUMBO YANAYOKATAA. Mama Huruma amekisoma, akasema tumbo la kwanza kukataa litakuwa lake.

Jumanne, 5 Agosti

Balaa. Nimejaribu kwa unga uliokuwa ndani. Mkate wa kwanza umebomoka ukawa mchanga. Wa pili, mchanga. Wa tatu nimeubeba kwa mikono miwili kama kifaranga, ukabomoka vilevile. Mama Huruma amecheka mpaka akakaa chini.

Sikukata tamaa. Nikapeleka debe la mahindi mapya kwenye mashine ya Nestory. Na hapa niandike siri ambayo hata mke wangu haijui. Mashine ya kusaga ina tumbo. Ukimaliza kusaga, unga wako kidogo unabaki humo, na anayekufuata ndiye anayeondoka nao. Ndiyo maana foleni ya Nestory haikosi ugomvi. Hakuna anayetaka kumfuata mtu wa muhogo mchungu, wala mtu wa chakula cha kuku. Mimi sipangi foleni kama ng'ombe. Nakaa kwenye gogo, naangalia nani kabeba nini, halafu najipachika. Mwaka jana nilimfuata mtu wa soya. Uji wetu ulinenepa wiki nzima!

Leo nimejipachika nyuma ya Sabaha, muuza chapati wa kona yetu. Wazee wake walitoka pwani kuja kushona nguo, wakabaki. Ulimi wake ni wembe. Anasaga ngano nzima ya Sirari, anawapikia chapati watu wa kisukari. Laini hiyo! Nestory hakung'uti mfuko wa mashine mpaka umwambie. Sikumwambia. Nimeondoka na kibakuli kizima cha bure.

Jioni mikate imeshikana! Imesimama kama askari wa gwaride! Mama Huruma ameacha kucheka. Nimemwambia ni ufundi wa kukanda.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepeleka mikate kwa Hilaria. Mkono wangu wa kulia unauma, naandika kwa shida.

Nilisahau kwamba Hilaria ana mdogo wake. Anaitwa Machage, alikuwa jeshini. Shingo hana. Kichwa kimewekwa juu ya mabega moja kwa moja, basi. Amenipa shikamoo kwa heshima zote, akanishika mkono, na mkono hakuuachia. Akauliza kama humu mna ngano. Nikamwambia mura, kijana wangu, haya ni mahindi, hata jogoo anayajua. Akasema vizuri tata, mzee wangu, maana dada akiumwa tena nitakuja kwako, na sitakuja na gari la wagonjwa.

Nikamkabidhi dada yake mikate kwa mkono wa kushoto.

Hilaria amenusa kwanza. Akamega kipande cha ukubwa wa ukucha, akatafuna, kisha akatulia akilisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi. Kimya. Akala mmoja. Akala wa pili. Wa tatu akauchovya kwenye chai, akafumba macho. Amesema miaka miwili hajachovya kitu kwenye chai. Machozi yakamtoka, mama mzima, akayafuta kwa ncha ya kanga akasema ni moshi. Hapakuwa na moshi. Akaniagiza nilete kila siku.

Njiani nimekikumbuka kile kibakuli. Nikasimama katikati ya njia. Halafu nikajituliza. Ngano ni ile mtu anayoinunua. Masalia ya mashine si ngano, ni masalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikulala vizuri. Nimemwota Machage ameshika chekecheo, ananichekecha mimi.

Asubuhi nimeapa kusema ukweli. Nimefika, Hilaria amekaa barazani, amejipaka mafuta, amefunga kilemba cha njano. Ameniita fundi! Miaka sabini na moja, hakuna aliyewahi kuniita fundi. Amesema tumbo linanguruma kidogo, labda limeshtuka kwa furaha. Nikafungua mdomo niseme. Machage akatokea mlangoni. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Hilaria amechukua mikate sita. Ya unga uleule.

Nimejiambia kama ingekuwa sumu, angeshaanguka jana. Nimejiambia hivyo mara kumi na nne. Nilizihesabu.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Wakulima wanasherehekea. Mimi nimejifungia ndani.

Hilaria yuko zahanati. Amewekewa dripu tangu alfajiri. Mama Huruma amekwenda kumwona, amerudi uso umempauka. Anasema ametapika mpaka hana cha kutapika, tumbo limevimba kama ngoma, midomo imekauka. Anasema Hilaria alimshika mkono akamwomba asimwambie Machage kwamba safari hii anaona haponi. Kisha mke wangu akaniangalia sana. Akauliza, Baba Huruma, ulitia nini kwenye ile mikate? Nikasema mahindi, ndizi, chumvi. Akauliza tena. Nikasema mahindi, ndizi, chumvi, kwa sauti ndogo zaidi.

Nilitoka kidogo kunusa hali ya hewa, nikakutana na Machage uso kwa uso. Mungu wangu! Macho mekundu. Hajanipa shikamoo. Kijana wa Kikurya asipompa mzee shikamoo, mzee ajue sanda imeshakatwa.

Akasema dada alikula nini kingine, tata? Ulimi wangu, huu ulimi, ukasema wenyewe: labda ni moshi. Akauliza, moshi gani? Nikasema moshi wa chapati za Sabaha, si unaingia dirishani kwa dada yako kila asubuhi? Ngano ya moshi ni mbaya kuliko ngano ya kawaida!

Amegeuka, ameelekea kona kwa hatua ndefu. Nimepona. Lakini sisikii raha yoyote. Kila pikipiki ikipita nadhani inaleta habari ya msiba.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikupona.

Saa nne asubuhi nimeisikia sauti ya Sabaha kabla sijamwona. Nkende nzima imeisikia. Machage alikuwa amemzimia jiko lake jana, leo naye amekuja kujibu, na nusu ya mtaa nyuma yake. Anasema yeye anauza ngano na anasema ni ngano! Hajawahi kuiita mahindi! Eti moshi! Tangu lini moshi ukaingia tumboni kwa mtu? Anasema muulizeni huyo babu, kila nikienda kusaga ngano kwa nini namkuta kisogoni kwangu kama kupe? Muulizeni Nestory!

Wakamuuliza Nestory. Nestory, mtu niliyemshika mkono siku ya harusi yake, akasema ni kweli, Jumanne mzee alimfuata Sabaha, na hakusema mfuko ukung'utwe.

Nikaona Machage anasimama. Sikuona zaidi ya hapo, maana nilikuwa nakimbia.

Nimeingia kwenye kihenge chetu, juu ya mahindi, nikajifunika kwa magunzi. Joto! Vumbi! Fukufuku, wale wadudu wa mahindi, wananitembea sikioni. Baada ya muda nikasikia hatua nzito. Machage. Akamuuliza mke wangu niko wapi. Mama Huruma, Mungu ambariki, akasema hajui, labda nimekwenda Morotonga kwa shemeji. Machage akasema atasubiri. Na unajua alikaa wapi kusubiri? Kwenye kivuli cha kihenge. Chini yangu kabisa! Nilikiona kichwa chake kupitia upenyo wa fito.

Nikabana pumzi. Nilijua akinyanyua macho tu, nimekwisha. Nilianza hata kujipangia matanga. Nani atalia, nani atakuja kwa ajili ya ubwabwa.

Ndipo nikasikia sauti. Kumbe Machage analia. Jitu lile lisilo na shingo! Anamwambia mke wangu kwamba mama yao alifariki yeye akiwa ananyonya. Hilaria alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alimbeba mgongoni akienda kuponda mawe, akamlisha kwa vidole. Anasema, mama, mimi sina dada, mimi nina mama mmoja tu, naye yuko kwenye dripu, na Jumatano nilimwona anacheka.

Nilisikia kitu kinanibana kifuani. Huenda ni huruma, huenda ni vumbi. Nikapiga chafya. Kihenge chote kikatikisika.

Kisha sauti kutoka chini, taratibu kabisa: Tata, shuka.

Nimeshuka. Nikamwambia nilikuwa nakagua fukufuku.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika, kwa hiyo niko hai.

Jana hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alisema tu nisitoke nyumbani, na leo asubuhi alikuja kunichukua. Tumetembea, mkono wake umenishika juu ya kiwiko. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Mmoja akavua kofia, kana kwamba jeneza linapita.

Hilaria amerudishwa nyumbani. Amekaa kitandani, ameegemea mito mitatu. Amepungua tena. Vidole vimekuwa kama vile vijiti vyangu vya mahindi. Nimeshindwa kumwangalia, nikawa naangalia miguu ya kitanda.

Akaniuliza, tata, ulijua? Nikasema nilijua ni ngano, ila sikujua kama ni ngano ile ya daktari. Machage akapumua kwa pua. Nikaongeza kwamba ilikuwa kidogo tu, kibakuli. Machage akapumua tena. Nikarudi kwenye miguu ya kitanda.

Hilaria akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka hapa mezani. Akasema: miaka miwili naogopa kila tonge. Nakaa na sahani kama mtu aliyekaa na nyoka. Siku moja tu, tata, siku moja nimekula bila kuogopa. Siku hiyo ndiyo umenirudishia uchungu.

Nimeanza kusema samahani, sauti ikatoka kama ya mbuzi.

Hukumu aliitoa mwenyewe. Bado anaitaka mikate. Lakini nitatwanga mahindi kwa mkono, kwenye kinu kipya ambacho hakijaona kitu kingine, hapo barazani kwake, yeye akiangalia. Na Sabaha nimwombe radhi mbele ya wateja wake. Machage akauliza kama hawezi kunivunja hata kidole kimoja. Hilaria akamwambia mwache, atatwangia nini?

Jumatano, 20 Agosti

Siku ya kumi natwanga. Malengelenge viganjani, mgongo umekataa kunyooka. Wanawake wakipita wanasimama kuangalia mzee wa Kikurya anatwanga. Mmoja ameniuliza nitaolewa lini. Sabaha naye kila asubuhi ananiita, babu, njoo unifuate! Namwitikia kwa adabu, maana Machage huwa amekaa karibu.

Mikate inabomoka. Hilaria anaila kwa kijiko, kwenye bakuli. Lakini anakula. Leo amemaliza bakuli mbili, akachovya vijiti kwenye chai, akamtukana Machage kwa sauti kubwa. Kilemba cha njano kimerudi. Nami nimemwambia Mungu ahsante, nimeelewa kabisa. Tumbo la mtu si mahali pa mchezo. Sitachanganya tena kitu. Nimeapa kwa marehemu baba.

Sasa, nimepata habari za mwalimu Konstantino. Ni mkubwa wa mwili kuliko Machage, ila mpole, nadhani. Tumbo lake linakataa maziwa. Hata tone! Likiingia tu, anakimbilia chooni mpaka darasa linajisimamia lenyewe. Asubuhi anakunywa chai ya rangi, kavu, maskini. Nimemwahidi uji wa mahindi usio na maziwa kabisa.

Nimeupika jioni hii, wa maji matupu, kwa mikono safi. Nimeutia kwenye kibuyu cha mama mkwe, kile alichogandishia maziwa miaka thelathini na hakijawahi kuguswa na sabuni, ili usipoe na upate harufu nzuri. Nimeonja. Utadhani kuna maziwa ndani!

Konstantino atafurahi sana.