Malkia Aliyetoka Mapema

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefungwa tena na Kisamvu. Safari hii hata chai sikumaliza.

Sijui Kisamvu ni nani. Kwenye sataranji ya simu kila mtu hujiita apendavyo. Mimi ni Simba wa Kasulu, na picha yangu nimevaa miwani ya jua mbele ya duka langu la vifaa vya sola. Asubuhi hii nilimtoa malkia mapema, kama kawaida yangu, ili mwenzangu aogope. Hakuogopa. Alimzungushia askari wake wadogo, akamnasa kama kuku bandani. Kisha akaniandikia kwamba nimeacha farasi wangu peke yake tena. Nikamjibu kwamba ule ulikuwa mtego. Akanyamaza. Nadhani aliingiwa na wasiwasi.

Ila la leo si hilo. La leo ni simu kutoka Kibondo.

Alipiga Mzee Khatibu, baba yake Zuhra. Zuhra anauza vitenge Kibondo mjini, na tangu siku alipokuja dukani kwangu kununua taa, sijawahi kupanga betri zikakaa sawa. Nataka kumtuma mshenga. Mzee akasema mshenga asubiri kwanza. Amesikia nacheza sataranji, naye anaipenda kuliko chakula. Amesikia pia kwamba ile programu inaweza kumwandikia mchezaji ripoti: mtindo wake, nguvu zake, na mahali anapotakiwa kujirekebisha. Anataka yangu. Alisema maneno ya posa kila mtu anajua kuyapamba, lakini namna mtu anavyocheza haipambiki.

Nikasema bila shaka, Mzee. Nikakata simu. Nikaiomba programu ripoti.

Imeandikwa kwa Kiswahili cha mashine, lakini ujumbe nimeupata. Mtindo: mshambuliaji mwenye haraka. Hatazami mwenzake anataka nini. Humtoa malkia mapema na humpoteza mapema. Nguvu: hakati tamaa, hata pale anapopaswa. Ya kurekebisha: mwanzo, katikati na mwisho.

Mashine haina adabu.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata mpango. Sijui kwa nini watu husema mipango ni migumu.

Rafiki yangu Nsengimana anauza maharage sokoni, hatua chache kutoka kwangu. Alizaliwa kambini, wazazi wakitokea Burundi. Leo ni raia, ana ghala na wateja mpaka Mabamba. Anacheza sataranji kama mtu anayechambua mawe kwenye maharage. Nilimwomba abadilishe jina kwenye simu yake kwa siku moja tu, aandike langu, Nurudini, kisha aombe ripoti.

Akakataa. Akasema buhoro buhoro, yaani polepole, ndugu yangu, binti wa watu haposwi kwa tabia ya kuazima. Nikamwambia kuazima si kuiba. Nikamkumbusha redio yake imelala kwangu na haijapona. Akafikiri kwa muda mrefu sana, kama anavyofikiri kila kitu, kisha akabadilisha jina.

Ripoti yake ni kama sifa za marehemu! Mtulivu. Mwenye subira. Hulinda kila alicho nacho. Ya kurekebisha: huchelewa kuamua, na mara nyingine muda humwishia akiwa tayari ameshinda.

Nilikaribia kuifuta hiyo ya mwisho, nikaona dosari moja ndogo italeta ukweli.

Nimeituma Kibondo. Nimeitengeneza redio bure. Nimelala mchana kama mkwe.

Alhamisi, 14 Agosti

Mzee Khatibu amepiga. Amefurahi mno. Amesema hakujua Kasulu kuna kijana mwenye subira namna hii. Alidhani nitakuwa mtu wa pupa, maana ndivyo alivyoambiwa. Sikuuliza nani kamwambia. Nilikuwa nacheka ndani kwa ndani.

Halafu akasema kwa kuwa mimi ni mtu wa subira, amepumua. Zuhra anataka kwanza kufungua duka la pili. Vijana wengine wangelalamika, lakini mtu kama mimi ataona fahari kungoja. Basi mambo ya ndoa tuyazungumze mwakani. Au mwaka utakaofuata. Bila haraka.

Nikasema bila haraka, Mzee. Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Nilikwenda kwa Nsengimana kumwambia subira yake imeniponza. Akaniuliza ni nani kati yetu aliyeituma Kibondo. Akapima maharage ya mteja. Hakucheka, lakini mabega yalitikisika.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya sala nimepata mpango wa pili, bora kuliko wa kwanza.

Nitakwenda Kibondo mwenyewe Jumapili. Nitamwomba Mzee tucheze ana kwa ana. Nitashambulia kama moto wa kiangazi. Akishangaa, nitamwambia mapenzi yamenibadilisha, subira imekwisha, inabidi mshenga aje upesi. Atayaona mwenyewe ubaoni.

Nimefanya mazoezi na Kisamvu. Nimefungwa mara kadhaa. Nikamwandikia kwamba Jumapili nacheza mchezo mkubwa wa maisha yangu na sitaki kuchoka. Akaniandikia: "Basi siku hiyo mwache malkia nyumbani." Ushauri wa mtu mwenye woga.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike haya kabla sijasahau mpangilio.

Nilipanda basi la asubuhi. Nilifika Kibondo na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee Khatibu alinipokea barazani. Miguu inamsumbua, hivyo hakusimama, lakini alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Ubao ulikuwa tayari. Ngome moja imepotea, mahali pake pamesimama kizibo cha soda. Zuhra alileta chai na vitumbua. Alinisalimia kwa adabu kubwa, macho chini. Nikajiambia binti huyu hajui hata farasi anarukaje. Nikamhurumia kidogo.

Tukaanza. Nikamtoa malkia.

Mzee alimtazama malkia wangu, kisha akanitazama mimi. Akasogeza askari. Nikashambulia. Akasogeza askari mwingine. Nikamtisha mfalme wake, mfalme akajisogeza pembeni kama mtu anayempisha mwendesha baiskeli. Na malkia wangu akawa hana pa kwenda. Mzee alimchukua kwa vidole viwili, akamweka karibu na sahani ya vitumbua.

Mtu wa kawaida angesalimu amri. Mimi nilisema vizuri, sasa mchezo ndio unaanza. Nikaendelea na farasi mmoja na kizibo cha soda. Nilicheka, kwa sababu hali ilikuwa ya kuchekesha kwa kweli. Nilifungwa, nikaomba tucheze tena. Nikamtoa malkia tena. Nilidhani hatatarajia.

Baada ya mchezo wa pili Mzee alivua miwani. Aliuliza polepole: yule wa kwenye ripoti humlinda malkia kama yai. Wewe ni nani?

Nilianza kusema nina homa. Kisha nikasema safari. Kisha nikasema mapenzi, lakini neno halikutoka vizuri, kitumbua kilikuwa mdomoni.

Hapo Zuhra akatoka nyuma ya pazia akiwa na simu yake. Akaiweka juu ya ubao, katikati ya vita. Nikaona picha ya mtu mwenye miwani ya jua mbele ya duka la sola. Michezo yetu yote. Yote! Juu yake limeandikwa jina la mwenye simu: Kisamvu.

"Baba, ripoti ile si yake," alisema. "Huyu nacheza naye tangu niliponunua taa dukani kwake. Jina lake la mchezo alinitajia mwenyewe siku ile ile, sikuwa hata nimemuuliza. Mimi ndiye niliyekwambia uombe ripoti, nikijua itakavyokuwa. Nilitaka umjue alivyo, usije ukashtuka baadaye."

Nilitazama sakafu. Sakafu ya Mzee Khatibu ni nzuri, ya saruji nyekundu. Nilitamani ipasuke.

Mzee akauliza ya nani basi. Nikasema ya Nsengimana, muuza maharage. Nikasema yote, redio na kila kitu. Nikasema ya kwangu mwenyewe niliiona aibu. Akadai kuiona. Nikampa simu. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mwanzo, katikati na mwisho. Zuhra alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Na unamtaka huyu?" Mzee alimuuliza.

"Kila siku namfunga, Baba, na kila siku anarudi akiwa na furaha," Zuhra alisema. "Hajawahi kunitukana. Hajawahi hata kununa. Mwenye subira mwache akauze maharage."

Kuku wa jirani alipita, akadonoa kitumbua kilichoanguka, akaondoka.

Kisha Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti lake linalouma. Akaniambia: "Kijana, wewe ni mwongo, lakini uongo wako unaanguka kabla chai haijapoa. Mtu wa namna hiyo hawezi kumficha binti yangu jambo lolote. Mlete mshenga kabla ya mvua."

Kabla ya mvua! Nilisimama kwa furaha, nikauangusha ubao. Nilipiga magoti kuokota askari mmoja mmoja, na Zuhra akapiga magoti kunisaidia. Aliponipa malkia, aliniambia kwa sauti ya chini nimshike vizuri.

Sijui alimaanisha yupi.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi Kasulu. Vumbi limenukia kama udi. Nimemsimulia Nsengimana yote. Alifikiri, akafikiri, kisha akasema ana furaha kwamba ripoti yake imerudi nyumbani. Amekubali kuwa mshenga wangu. Atachelewa kujibu maswali, lakini hatajibu vibaya.

Nimecheza na Kisamvu. Nimefungwa. Sijawahi kufungwa nikiwa na raha kiasi hiki. Nimeuza taa kwa mtu aliyekuja kuulizia betri.

Nimeamua kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli tu. Inapunguza uzito kifuani.

Jumatano, 20 Agosti

Mzee Khatibu amepiga kuuliza hali. Mazungumzo mazuri sana, kama baba na mwana. Akauliza pamoja na duka, je, nina shughuli nyingine ya kutegemea familia ikikua? Swali la kawaida. Nami sijui mdomo wangu ulipitia wapi, nikasikia unasema nafuga nyuki. Mizinga mingi. Kule Kagerankanda.

Akafurahi! Amesema mguu ukipata nafuu wiki ijayo atakuja kuiona, na Zuhra atamsindikiza.

Sina mzinga hata mmoja. Lakini hili ni jambo dogo, na sasa nina uzoefu. Nimempigia mzee mmoja wa Kagerankanda, Pasikali, ambaye ana mizinga ya kutosha msituni. Amekubali niiandike jina langu kwa rangi, siku moja tu, ilimradi nimfungie taa nyumbani kwake. Rangi nimenunua. Kesho asubuhi nakwenda.

Jioni Zuhra amenitumia ujumbe kwamba baba yake amefurahi mno kuhusu nyuki, maana kabla miguu haijaanza kumsumbua alikuwa mfugaji wa nyuki nusu ya maisha yake, na ana maswali mengi.

Vizuri sana. Tutakuwa na la kuzungumza njiani. Nyuki nao hawajui kusoma, hawatauliza jina limebadilika lini. Nimeupitia mpango huu mwanzo, katikati na mwisho, na sioni tundu hata moja.