Fundi Saa na Albamu Yetu ya Harusi

Jumatatu, 3 Machi
Na kama nilivyomwambia mume wangu (mume wangu! bado nasikia raha kuandika hivyo), huyo fundi saa, mgeni wa kanisani kwetu, tutamleta kwa Yesu sisi, si Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji. Mchungaji humkabidhi kila mgeni kwa nyumba mbili za waumini, zimtembelee mpaka abatizwe; huyu kapewa yetu na ya Mama Kwaya. Siku hiyo mgeni hutaja mbele ya kanisa zima aliyemshika mkono. Gauni nimeshachagua.

Jumatano, 5 Machi
Tumekwenda kibandani kwake. Fundi akatoa lenzi jichoni, akauliza kama Mungu humpokea mtu aliyekataa kwenda kumzika ndugu yake. Swali zito! Nikafungua albamu ya harusi. Nikamwambia upendo wa Mungu ndio huu, tazama mpenzi wangu anavyonilisha keki. Mume wangu machozi yakamlengalenga. Fundi akasema kuna saa ya mteja inamngoja. Mchapakazi! Tukamwachia picha moja, na fremu yake.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Kwaya naye kapita. Muuza vocha wa jirani anasema hakufungua hata Biblia, alikaa juu ya ndoo akasikiliza tu, mpaka fundi akalia. Huduma gani hiyo, kumliza mgeni wa watu? Nimemkuta Mama Kwaya getini kanisani, nikamwambia. Akauliza kama sisi maharusi hatuna vyombo vya kuosha nyumbani. Wivu!

Jumamosi, 15 Machi
Nilimwandalia fundi chakula cha jioni. Sisi watatu, mishumaa, wimbo wetu wa harusi. Hakuja. Kumbe Mama Kwaya kampeleka kwenye kaburi la ndugu yake! Rafu ya wazi. Mume wangu akanibusu, akala sahani mbili.

Jumapili, 16 Machi
Fundi kabatizwa. Akasema swali lake lilijibiwa pale kaburini, na aliyemshika mkono ni Mama Kwaya. Halafu akawashukuru pia wale maharusi, kwa kumfundisha uvumilivu. Kanisa zima likacheka kwa furaha. Uvumilivu ni tunda la Roho! Kumbe albamu inafanya kazi.
Benchi la nyuma kuna mgeni mpya, nesi, kafiwa na mumewe juzijuzi. Mchungaji anaomba aachwe apumue kwanza. Apumue nini? Huyo ndiye hasa anayehitaji kuona ndoa yenye raha! Nimemfuata mlangoni, nikamshika mikono yote miwili, nikamwahidi: mwezi huu hauishi, mimi na mume wangu tutakuwa kwake, na albamu ya fungate pia tutaibeba.